Nilimwambia Ajipe Nne

Nina miaka kumi na tisa, nakaa Temeke kwa mjomba wangu. Mimi ni mtu wa kucheka na watu, lakini siku hizi nikijitazama kiooni natamani kutema mate...

Mwaka jana nilikuwa darasa la kumi, la mwisho skulini kwetu, dawati moja na rafiki yangu Zuberi. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mzungu mpole, alileta mtindo wake: kila mtu asome upya insha yake, ajipe alama mwenyewe katika kumi, kisha azitaje kwa sauti. Yeye akiandika tu, hakagui! Na kwa alama hizo mmoja wetu angepelekwa chuo cha ualimu.

Mie nilikuwa nimeshaota kila kitu: kaptula nyeupe, soksi ndefu, watoto wakiniamkia, "Shikamoo, mwalimu!" Lakini insha yangu... takataka! Ya Zuberi ilikuwa tamu hata nikaona wivu.

Akaninong'oneza, "We, nijipe ngapi? Nane?"

"Nane! Huoni haya? Mwalimu atakuona una maringo. Jipe nne, atakupandisha mwenyewe."

Zuberi kalelewa na bibi yake, aliyemfunza kuwa kujisifu ni kukosa adabu. Akaniamini! Alipoitwa, akainamisha kichwa, akasema nne. Nilipoitwa mie, nikasimama wima nikasema tisa. Mwalimu akaandika zote mbili, hakupandisha kitu.

Nikachaguliwa mie... Zuberi hakununa. Alikuja nyumbani na kamusi yake. "Chukua, sheikh, huko utaihitaji."

Nikaipokea! Nikasema ahsante! Mtu gani mimi?

Chuoni, wiki ya pili, tukaandika insha, wakasahihisha walimu wenyewe, nikaanguka. Nikarudishwa nyumbani. Nafasi yangu wakampa mtu wa skuli nyingine kabisa.

Zuberi sasa ni kuli, anabeba magunia bandarini. Kila tukikutana alikuwa akinipa pole, mimi! Majuzi nikashindwa kuvumilia, nikamfuata kazini nikamweleza yote.

Akatua gunia lake chini. Halafu akauliza, "Kwa hiyo insha yangu ilikuwa nzuri?"

"Kuliko zote, Zuberi."

Hakunitukana. Akajitwika gunia, akaenda zake. Tangu hapo hataki hata salamu yangu.

Enyi mnaosoma, nawasihi! Mwenzio akikuuliza kazi yake ina thamani gani, mwambie kweli, hata kama nafasi ni moja na wewe unaitaka. Mie nilidanganya mara moja tu, kwa kunong'ona, na rafiki yangu akaishi mwaka mzima akidhani hajui kitu.