Mashine Namba Saba

Siku Sylvanus alipoingia kwa mara ya kwanza, intaneti kafe ile ya jirani na mnara wa saa ilikuwa imejaa pomoni. Ulikuwa Agosti wa 2004, msimu wa mlima umekolea, na wageni walioteremka Kilimanjaro na pua zilizobabuka walipanga foleni mpaka barazani, kila mmoja akiwa na hamu ya kumwandikia mama yake kwamba yu hai. Yeye alikuja moja kwa moja mezani, koti la kijani alilopewa na mteja likiwa fupi mikononi, buti zimejaa vumbi.

"Dada, nipatie mashine yenye spidi."

Tabitha, mhudumu wa kafe, hakuinua macho haraka. Alivaa gauni la kitenge cha bluu alilolishonesha kwa ubatizo wa mpwa wake, nywele amezisuka juzi, na alijua vyote viwili vinapendeza mtu akipewa nafasi ya kuviangalia.

"Zenye spidi ni za wageni, kaka. Wewe mgeni?"

"Mimi wa Kibosho."

"Basi kaa namba saba."

Mambo yalikuwa hivi. Dishi juu ya paa lilikuwa moja, mashine chini yake kumi, na mwenye mali, Mzee Martin, alikwisha kuamua nani ale kwanza. Mashine nne za dirishani, wanakokaa wageni, ziliachwa zivute mtandao zinavyotaka. Sita za nyuma ziligawana makombo. Kiwango cha kila mashine kilipangwa kwenye kompyuta ya Tabitha pale mezani, na kukibadilisha ilikuwa kazi ya kubofya tu. Wateja hawakulijua hilo. Watu wa nyuma waliulaumu mtandao kama walivyoilaumu mvua, wakanyamaza.

Sylvanus aliandika kwa vidole viwili, akaaga, akaenda zake. Akarudi wiki hiyo hiyo, na iliyofuata. Alikuwa amebeba mizigo ya wageni miaka mingi, sasa ni msaidizi wa kiongozi wa msafara, na alichotaka duniani ni kuongoza kundi lake mwenyewe. Barua pepe ndizo zingemletea kundi hilo. Kwa hiyo aliingia, akasoma, akajibu, akasema "Asante, dada," na kutoka. Tabitha alianza kulichukia lile neno dada.

Ndipo alipoipunguza namba saba. Kidogo tu, alijiambia. Ukurasa ukawa unafunguka kwa kujivuta, na mtu anayesubiri ukurasa hana la kufanya ila kusogea mezani kupiga soga.

"Aisee, hii mashine yako inapanda mlima na wazee?"

"Inaogopa kuumwa kichwa. Wewe si ndiye unayewaambia watu pole pole?"

"Nawaambia wazungu. Wewe nikwambie nini?"

"Anza na jina langu. Dada yako si yuko Kibosho?"

Akacheka. Muda ule wa kusubiri Tabitha hakumtoza, na kwa sababu hiyo alijiona mwema. Ilipofika Septemba walikuwa wakila pamoja mtori wa ndizi mchana, na akiwa mlimani, kila alipopata mahali penye mnara wa simu, Sylvanus alimbipu. Vocha ikiwepo alipiga kabisa.

"Tabi, mpenzi, nipo juu ya mawingu. Unanisikia?"

"Nakusikia unatetemeka."

"Baridi. Ungekuwepo."

"Nije niwabebee masufuria? Shuka huku, namba saba inakungoja."

Alimpenda, hakujificha tena. Lakini kasi ya namba saba hakuirudisha. Kila alipotaka kubofya alifikiri, kesho. Aliogopa kwamba siku mashine itakapokimbia, na yeye atakimbia vilevile.

Kundi lenyewe likapatikana Oktoba: walimu sita wa Uholanzi, waliosimuliwa habari za Sylvanus na mwenzao aliyewahi kupanda naye. Waliitaka nakala ya leseni yake kabla ya saa sita mchana wa Ijumaa, la sivyo wangemchukua mtu mwingine. Hayo yote hakumwambia Tabitha. Alitaka jambo likamilike kwanza, amnunulie soda, amwambie kwa madaha.

Ijumaa hiyo alikaa namba saba tangu asubuhi. Tabitha alimwona akiinuka, akikaa, akija mezani mikono mfukoni.

"Leo umenimisi kweli," akamtania. "Hata kazi huna?"

"Haiendi, Tabi."

"Itaenda. Una haraka ya kuniacha?"

Alitabasamu kidogo, akarudi kukaa. Aliporudi tena mezani jasho lilikuwa limemlowesha kola, na saa ya ukutani ilikuwa imeshapita sita.

"Leseni yangu haiendi. Walimu wananingoja. Ni kundi langu, Tabi, la kwangu mwenyewe."

Bila kufikiri Tabitha akabofya, na kule nyuma mstari wa kutuma leseni, uliokuwa umeganda asubuhi nzima, ukakimbia mpaka mwisho. Sylvanus aliangalia mashine, kisha akauangalia mkono wa Tabitha.

"Umefanya nini?"

"Nimeifungua."

"Ilikuwa imefungwa?"

Tabitha aliitikia kwa kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa ukiniita dada."

Alirudi namba saba, akasoma jibu lililokuwa limeshaingia: walimu wamempata kiongozi mwingine, wanamtakia heri. Akavaa lile koti fupi, akatoka bila kupiga kelele. Tabitha angefurahi kama angepigiwa kelele.

Simu ya Sylvanus haikupatikana siku hiyo wala zilizofuata. Watu walisema amepanda tena, msaidizi wa mtu, kama zamani. Tabitha alizifungua mashine zote za nyuma zilingane na za dirishani. Wageni wakalalamika, Mzee Martin akamfokea, akazirudisha. Namba saba tu aliiacha wazi.

Jumapili, badala ya kwenda kanisani, alipanda Kibosho, jani la isale ndani ya kanga. Kwa Wachaga isale ndilo jani la kuombea radhi, na aliyeletewa ni vigumu kukataa. Nyumbani kwa kina Sylvanus alimkuta mama yake, Mektrida, akiwakatia ng'ombe migomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mashine?"

"Ndiye mimi. Nimeleta hili."

Mektrida alilitazama jani, akamtazama mleta jani, akaweka panga chini.

"Sasa umelileta mwenyewe! Kwenu Machame hawakufundishi? Isale hupelekwa na mtu mzima anayekusemea. Mkosaji anabaki nyumbani na aibu yake."

"Aibu ninayo, mama. Mtu wa kunisemea sina."

Yule mama alicheka mpaka akashika kiuno. Akampa kiburu cha ndizi na maharage, akahakikisha amekimaliza, na jani akalichomeka juu ya mlango. Hakuahidi kitu.

Sylvanus alitokea kafe siku ya Jumatano, midomo imepasuka kwa baridi. Mashine za dirishani zilikuwa tupu, mvua za vuli zimeshafukuza wageni. Alizipita, akaenda kukaa namba saba. Tabitha alimwangalia akiandika, akisoma, akimaliza upesi kama siku ile ya kwanza. Kisha akaja mezani.

"Mama anasema lile jani halihesabiki. Limeletwa na mkosaji."

"Najua. Nitatafuta mtu mzima."

"Utamtafuta wapi, na nyie watu wa Machame mlivyo wabishi?" Alikuwa akiizungusha kalamu ya mezani. "Nimekasirika, Tabi. Mpaka leo. Lakini mlimani, kila penye mnara nilitaka kukubipu, nikajikasirikia mwenyewe."

Tabitha alikuwa analia waziwazi, mbele ya mteja wa namba tisa.

"Kwa hiyo nimefikiri," Sylvanus akaendelea. "Wazee wenu wakipanda kutuomba radhi, halafu wetu washuke kwenu kuleta posa, ni kusumbua watu wazima bure. Wangu washuke tu na pombe yao ya mbege. Wakiwa huko watayamaliza yote mawili. Unasemaje?"

"Waje," alisema Tabitha. "Waje hata kesho."

Sylvanus alirudi kwenye kiti chake, akavua koti, akalitundika vizuri, akashika kile kipanya cha kompyuta.

"Dada wa kaunta!" akaita. "Hii namba saba inakimbia sana. Ipunguze."