Simu ya Saa Kumi

Mkono wa simu ya mezani ulikuwa umelowa. Dada mtu, aliyekuja kumtembelea mdogo wake wa kiume, aliufuta kwa upindo wa kanga, akaunusa. Tope la mtoni.

"Wifi, nani kaishika simu na mikono michafu?"

"Hakuna mtu," mke wa mdogo wake alinong'ona huku akikusanya nguo za kufua. "Jana pia ilikuwa hivyohivyo. Usimwambie mume wangu, atasema nina wazimu."

"Basi unaambukiza, maana hata mimi nimenusa."

Mdogo mtu ndiye aliyekuwa akifungua milango ya bwawa la umeme. King'ora cha kuwaonya watu wa mtoni kilikufa mwezi uliopita, na wakubwa, kama kawaida yao, waliahidi. Basi kila saa kumi jioni, kabla ya kuachia maji, alikuwa akipiga simu nyumbani, aliyepo hukimbia kuwatoa watu mtoni, kisha hurudi kumwambia: "Tumetoka wote. Fungua." Roho za watu zilining'inia kwenye neno hilo.

"Mgeni siku mbili, wifi, ya tatu mpe jembe," mke alitania akimshika mwanawe mkono. "Leo simu ni yako."

Mama na mtoto wakashuka mtoni.

Saa kumi simu ililia mara moja ikanyamaza, na dada mtu, aliyekuwa uani hatua chache tu kutoka mlangoni, akasikia sebuleni mtu akisema, "Tumetoka wote, mdogo wangu, fungua," kwa sauti aliyoijua kuliko zote kwa kuwa ilikuwa yake mwenyewe, kisha kicheko, chake pia, na alipoingia mbio hakukuta mtu, ila mkono wa simu ukidondosha maji juu ya zulia, na kule juu bwawani mngurumo ulikuwa umeshaanza.

Alikimbia akipiga mayowe. Alipofika, hapakuwa na wa kuitwa.

Baada ya mazishi mganga aliifukiza nyumba, akala akashiba, akasema jini limetoka.

Mdogo mtu aliketi sebuleni akiutazama ukuta, amempa dada yake mgongo.

"Sauti yako naijua tangu utotoni," alisema. "Ulinijibu. Halafu ukacheka, dada. Niambie ukweli, ni wewe?"

"Ni mimi, mdogo wangu," sauti ya dada mtu ikajibu, naye midomo kaifumba.

Mdogo wake hakugeuka. Hakumtazama tena maisha yake yote.