Atupele na Maganda Sita

Atupele ana miaka sita. Kwao ni Tukuyu, kwenye mvua nyingi na migomba mingi.

Lakini sasa Atupele yuko mbali. Amepanda ndege na Mama, wakafika nchi ya Uswidi. Mama atasoma huko miezi mitatu.

Wanakaa ghorofa ya nne. Chini kuna uwanja, na watoto wanacheza.

"Wanasema nini, Mama?"

"Wanasema Kiswidi, mwanangu. Hata mimi bado najifunza."

Atupele akaweka sikio dirishani. Hakuna neno alilolijua. Hakuna aliyemwita.

Kimya. Kimya tupu.

Siku moja Atupele alikula ndizi.

"Mama, ganda nitupe wapi?"

"Kwenye mapipa, kule chini," alisema Mama. Alikuwa anaandika.

Atupele akashuka ngazi. Ti, ti, ti, ti.

Lo! Mapipa matatu! Moja la kijani. Moja la bluu. Moja la kahawia. Lipi ni la ganda la ndizi?

Atupele akachagua la bluu. Pu!

"Nej! Nej!"

Alikuwa msichana mwenye mabuti ya njano. Alitikisa kichwa. Akaingiza mkono pipani, akalitoa ganda. Akasema maneno mengi, mengi sana.

Atupele hakuelewa hata moja. Macho yakamjaa machozi. Akapanda ngazi mbio. Ti-ti-ti-ti-ti!

Akajifunika blanketi mpaka kichwani.

Kimya. Kimya tupu.

Kesho yake alikula ndizi nyingine. Lakini kushuka? Hapana. Ganda akalificha chini ya kitanda.

Siku iliyofuata akaficha la pili. Kisha la tatu. La nne. La tano.

Watoto walicheka uwanjani. Atupele aliwatazama kupitia kioo. Kioo kilikuwa baridi kwenye pua yake.

Kimya. Kimya tupu.

Siku aliyoficha ganda la sita, Mama aliingia chumbani. Akanusa. Nfu, nfu.

"Atu, mbona kunanuka?"

Akainama. Akachungulia chini ya kitanda. Vzzz! Kainzi kakaruka.

"Mwanangu! Maganda yote haya?"

Atupele akaanza kulia. "Sijui pipa lake, Mama. Yule msichana alinigombeza. Na mimi sina wa kumuuliza."

Mama akakaa sakafuni, karibu naye. Akampakata.

"Pole, Atu wangu. Mimi nimeshakosea mapipa ya chuoni mara tatu. Tena mwalimu wangu ananiona!"

"Mara tatu?"

"Tatu. Haya, twende wote."

Wakatia maganda kwenye bakuli. Wakashuka pamoja. Ti, ti, ti, ti.

Na nani alikuwa pale kwenye mapipa? Yule msichana wa mabuti ya njano!

Atupele akajificha nyuma ya sketi ya Mama.

Msichana akaangalia bakuli. Maganda sita! Akapiga makofi. Akacheka, lakini si kicheko cha kumcheka mtu.

Akajigusa kifua. "Tuva."

Atupele akatoa kichwa kidogo. Akajigusa kifua naye. "Atupele."

"A-tu-pe-le!" akasema Tuva. Akamshika mkono, akamvuta. Mabuti yakalia, kwachu, kwachu, kwachu. Mama akafuata nyuma.

Hawakwenda kwenye pipa la kijani. Wala la bluu. Wala la kahawia. Walikwenda nyuma ya nyumba, kwenye sanduku kubwa la mbao.

Tuva akafunua kifuniko. Kriiii!

Ndani kulikuwa na maganda ya viazi, na majani ya chai, na maganda ya mayai. Na katikati yake, kitu kinajinyonganyonga.

"Nyungunyungu!" Atupele akapiga kelele. "Mama, nyungunyungu! Wengi!"

"Nyungu... nyungu?" akauliza Tuva.

"Nyungunyungu!"

"Nyungunyungu!" Tuva akalipenda neno hilo. Akalisema tena na tena, mpaka wote watatu wakacheka.

Kisha Tuva akachota udongo kutoka chini ya sanduku. Ulikuwa mweusi na laini.

"Kumbe wanakula maganda," alisema Atupele polepole, "wanayageuza udongo!"

"Ndiyo," alisema Mama. "Hapa uchafu wa jikoni hautupwi ovyo. Unalisha bustani."

Atupele akachukua ganda moja. Akampa Tuva la pili. Wakayatia sandukuni, moja moja. Pu. Pu. Pu. Pu. Pu. Pu!

Wakacheza mpaka Mama aliposema, "Haya, tukaoge."

Usiku Mama alimfunika blanketi.

"Mama, nyungunyungu wanalala saa ngapi?"

"Nadhani wakishashiba."

Atupele akafikiri. Akapiga miayo.

"Basi leo watachelewa," alisema. "Maganda sita ni mengi."

Mama akacheka sana. Alipomaliza kucheka, Atupele alikuwa ameshalala.