Gari Ndilo Lililopinda

Kila asubuhi karakana ya Baba Mapacha ilinukia mbao mbichi. Yeye alikuwa seremala. Alitengeneza milango, makabati na madawati. Mkewe, Mama Mapacha, ndiye aliyevipeleka kwa wateja kwa lori lao dogo. Lilikuwa lori la zamani, lakini lilivuta kwa magurudumu yote manne. Kwenye matope lilipita. Kwenye mawe lilipita. Mama Mapacha aliliendesha miaka tisa, na hakuwahi kumvunjia mteja hata mguu wa kiti.

Siku moja springi ya nyuma, upande wa kushoto, ilikatika. Springi ya lori kama hilo ni vipande bapa vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu, kifupi chini. Ndivyo vinavyobeba mzigo na kupunguza mitikisiko. Mdogo wa Baba Mapacha alisema fundi wa nini, yeye mwenyewe ataibadilisha. Watu walimwita Mjuaji. Alijua kila kitu, isipokuwa kunyamaza.

Alimaliza kabla ya saa sita mchana. Akapangusa mikono, akajisifu mpaka jioni.

Tangu siku hiyo lori likaanza vituko. Lilivuta kushoto. Ili liende mbele, Mama Mapacha alilazimika kuukunja usukani kulia na kuushikilia hivyo njia nzima. Akikanyaga breki, lori liliyumba. Mabega yalimuuma hadi usingizini. Wiki ya pili, ubavu wa nyuma ulikwaruza nguzo ya lango la mteja. Kabati jipya likapasuka mlango.

Aliporudi, Mjuaji alikuwa amesimama karakanani na mafundi na wateja watatu.

"Shemeji, usukani si mwiko," alisema kwa sauti. "Huukorogi tu!"

Watu wakacheka.

"Gari lina kasoro," alisema Mama Mapacha. "Tangu uliguse, linakwenda upande."

"Gari halina neno. Dereva ndiye anayekwenda upande."

Mama Mapacha akamtazama mumewe. Mumewe akatazama randa yake.

"Pumzika kidogo, mama," alisema Baba Mapacha. "Kuanzia Jumatatu ataendesha mdogo wangu. Nipe ufunguo."

Miaka tisa! Miaka tisa ya jua na matope, kisha kwa neno la mtu mmoja anapokonywa kazi yake, tena mbele ya wageni. Na wewe unayesoma, ungetulia? Mama Mapacha alitoka nje masikio yakiwaka moto.

Uani kulikuwa na tope. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Mama Mapacha aliziona alama za magurudumu ya lori, kuanzia langoni. Akasimama. Gari likienda moja kwa moja, magurudumu ya nyuma hukanyaga palepale yalipokanyaga ya mbele. Haya hayakufanya hivyo. Ya nyuma yalitoka kando, upande wa kulia, kutoka langoni mpaka mlangoni.

Jirani yao, Bi Spana, alikuwa akianika nguo. Bi Spana alistaafu kwenye karakana ya malori ya kutengeneza barabara. Nusu ya maisha yake aliipitisha chini ya magari.

"Bi Spana, njoo unisaidie!" aliita Mama Mapacha. "Nimeambiwa sijui kuendesha."

Bi Spana alikuja akainama kwenye zile alama.

"Nani kasema hujui?"

"Mjuaji."

"Na springi kafunga nani?"

"Mjuaji."

"Alaa!" alisema Bi Spana. "Twende karakanani."

Waliingia pamoja. Bi Spana hakusalimia mtu. Alimgeukia Baba Mapacha.

"Wewe seremala, ukitaka kujua kama fremu ya mlango imepinda, unafanyaje?"

"Napima."

"Basi lipime lori. Anzia katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma. Upande huu, kisha upande ule. Usukani uwe umenyooka."

Baba Mapacha akatoka nje na futi yake, wote nyuma yake, akapima. Akapima tena. Akapima mara ya tatu, na watu wote wakaona uso wake ukibadilika. Upande wa kushoto ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili.

Bi Spana akalala chini, akaingia uvunguni. Sauti yake ilitokea huko.

"Mjuaji, mbona umebadilisha springi moja tu?"

"Moja ndiyo iliyokatika."

"Springi hubadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia. Mpya imesimama, ya zamani imechoka na kulala. Gari litakaaje sawa? Na bolti hizi zilizokunjwa, zinazobana springi kwenye ekseli, huu mhimili wa magurudumu, si zile za zamani?"

"Zilikuwa nzima."

"Zimeshavutika. Springi mpya hufungwa kwa bolti mpya. Haya, na senta bolti je?"

Mjuaji akarudi nyuma hatua moja.

"Katikati ya springi kuna bolti inayoshika vipande vyote pamoja," Bi Spana aliwaeleza wengine. "Kichwa chake lazima kiingie kwenye tundu la ekseli, ili ekseli isisogee. Hiki kimekaa nje ya tundu. Ekseli imesogea mbele, upande mmoja. Hata dereva awe nani, lori hili haliwezi kwenda sawa."

"Niliona haijaingia," alisema Mjuaji taratibu. "Nikajua itajikalia yenyewe ikipata mzigo."

"Uliona?" Mama Mapacha alimsogelea. "Uliona, ukanyamaza, ukaniacha niendeshe? Kwenye mteremko? Penye watoto wa watu? Kisha ukanicheka!"



Kesho yake walinunua springi mbili na bolti mpya. Mama Mapacha alivaa ovaroli akaingia kazini na Bi Spana. Waliegesha lori mahali tambarare na kuzuia magurudumu ya mbele kwa magogo. Waliliinua kwa jeki, kisha wakaikalisha chesisi, kiunzi cha chuma kinachobeba lori, juu ya stendi za chuma.

"Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake," alisema Bi Spana. "Jeki ikiteleza, haikuombi radhi."

Walipoweka springi, Mama Mapacha alihakikisha mwenyewe kwamba kichwa cha senta bolti kimezama tunduni, kila upande. Wakakaza nati kidogo kidogo, kwa zamu. Bolti za ncha za springi walizikaza mwisho, magurudumu yakiwa yameshakanyaga chini na kubeba uzito. Kisha wakapima. Kushoto na kulia, sawasawa. Barabarani lori lilinyooka, na mabega ya Mama Mapacha yakapumzika.

Jioni Baba Mapacha alimfuata jikoni.

"Nisamehe, mke wangu."

"Ulinipokonya ufunguo wapi?"

"Karakanani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Basi msamaha wa jikoni siutaki."

Siku tatu baadaye karakana ilikuwa imejaa wateja. Baba Mapacha akaweka msumeno chini.

"Sikilizeni," alisema. "Nilimwondoa mke wangu kazini kwa kosa ambalo si lake. Mimi ninayepima mbao kutwa nzima, yeye sikumpimia hata mara moja kabla ya kumhukumu. Nilikosa."

Wote wakamgeukia Mjuaji.

"Na mimi," alisema akitazama chini. "Bolti niliiona."

"Sauti, shemeji," alisema Mama Mapacha. "Walio nyuma hawajasikia."

"Bolti niliiona haijaingia! Nikamsingizia shemeji!"

Mama Mapacha akachukua spana kubwa, akamwekea mkononi.

"Bolti mpya hulegea kidogo zikishatembea na mzigo. Lazima zikazwe tena, na leo ndiyo siku yake. Ingia chini. Nati zote nane. Nikishapakia madawati, naingia kukagua."