Mbuzi Mmoja Alibaki, Mwanangu Akaenda

Nina miaka hamsini na mmoja. Nauza mawese sokoni hapa Kindu, na wateja wangu wananijua kwa mdomo mkali. Wanasema ukimwomba Mama Zaina akupunguzie bei, atakutukana mpaka babu yako! Wacheke tu... Hawajui kwamba huyo Zaina ninayeitwa kwa jina lake nilimlea miaka minne tu. Baada ya hapo alilelewa ng'ambo ya mto na mwanamke mwingine, na huyo ndiye anayemwita mama.

Ninyi mnaosoma haya, msinionee huruma upesi. Someni kwanza mpaka mwisho.

Niliolewa na Ramazani nikiwa msichana mbichi. Alikuwa akipakua mizigo stesheni. Mahari yangu ilikuwa mbuzi, na walitolewa wote, hakuna aliyebaki deni. Tulipendana, nasema bila aibu! Zaina akazaliwa, na Ramazani akawa anatembea naye mabegani mpaka watu wakamcheka eti amegeuka yaya.

Halafu vita ikaingia. Treni ikaacha kuja, stesheni ikaota majani, na mwanaume asiye na kazi akawa anashinda mlangoni akitazama reli. Siku moja akaungana na wenzake, wakaenda kwa miguu hadi Kampene kuchimba dhahabu. "Nitarudi na chumvi," aliniambia. Chumvi siku hizo ilikuwa kitu cha kumwahidi mke!

Hakurudi. Alikuja mtu mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli ya bidhaa porini, akatuambia shimo limewaangukia. Hata kaburi lake sikuliona...

Matanga hayajapoa, wakwe zangu wakaniita. Eti shemeji yangu Asumani anirithi, kama desturi inavyotaka. Jamani! Asumani alikuwa na wake wawili tayari, na wote wawili nilishawakanda uvimbe wa kipigo chake kwa mikono yangu hii. Mimi niwe wa tatu, anikande nani? Nikasema hapana. Nikasema kwa sauti, mbele ya wazee, na mama mkwe akafunika uso wake kwa kitenge.

Kaka yangu Saidi ndiye aliyepata dawa. Akasema mahari ya mwanamke ikirudishwa kwa wakwe, anakuwa huru, hakuna wa kumrithi. Saidi alikuwa kijana wa mjini, wa stesheni na mpira wa miguu. Desturi alizijua nusu nusu, na mimi nilizijua robo. Wazee wetu, wale ambao wangetukalisha chini na kutueleza, walikuwa wamekimbilia msituni upande wa Lokandu wakati wa risasi na hawakutoka tena. Tungemuuliza nani?

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi hatukuwa hata na mkuu wa kumsikia!

Saidi alikuwa ameficha mbuzi wake shambani, mbali na wenye bunduki. Akawaswaga usiku wa manane hadi mjini, maana mbuzi akionekana mchana aliliwa na askari. Asubuhi tukawapeleka kwa wakwe zangu. Wazee wao wakawatazama, wakanong'ona, kisha mkubwa wao akasema:

"Moja mubaki naye. Huyu mwanamuke ametuzalia."

Mnajua nilifanya nini? Nilipiga vigelegele! Nilidhani wananishukuru. Nilidhani wameona njaa yetu na huruma imewaingia. Saidi naye akawapa mikono wote, akiwaita baba, baba, na tukarudi nyumbani na mbuzi wetu mmoja kamba mkononi, tunacheka njia nzima.

Tulimchinja jioni ile ile. Nilimpika na sombe, majani ya mhogo, bila chumvi, kwa mawese kidogo yaliyobaki chini ya chupa. Hatukuwa tumeonja nyama tangu mvua za mwanzo. Zaina alikaa mapajani mwangu, nikampa ini lote, akala mpaka mashavu yakang'aa.

Haukupita muda, akaja Mwamini, dada wa marehemu mume wangu. Mwamini hakuwahi kupata mtoto. Alikaa Alunguli, ng'ambo ya pili ya mto, nyumbani kwa wakwe zangu, na alikuja kwa upole kabisa. Akasema bibi yake Zaina ni mgonjwa, anataka kumwona mjukuu. Nikamwogesha mtoto, nikamsuka, nikamvika gauni la njano. Nikawasindikiza hadi mtoni kwenye mtumbwi, pirogi, na Zaina akanipungia mkono akiwa amekaa katikati ya magunia ya mhogo.

Wiki ile ile mto ukafungwa. Wenye bunduki wa upande huu na wenye bunduki wa upande ule wakawa wanapigana, na pirogi ikionekana majini inapigwa risasi. Nilikuwa nikienda kusimama ukingoni kutazama moshi wa majiko ya Alunguli, nikijiuliza moshi wa Zaina ni upi... Mtu anaweza kupaona aliko mtoto wake kwa macho, na asiweze kumfikia!

Mto ulipofunguka, nilivuka na pirogi ya kwanza kabisa. Niliwakuta uani. Zaina alikuwa amerefuka. Aliponiona akajificha nyuma ya Mwamini, akamshika kitenge kwa mikono miwili. Nikasema nimekuja kumchukua mwanangu. Asumani akatoka ndani akijifuta mdomo.

"Mutoto gani?" aliniuliza. "Mbuzi yake iko wapi?"

Nikamwambia mbuzi gani tena, si mlituachia wenyewe? Ndipo akanieleza, taratibu, kama anayemfundisha mjinga. Kwao mahari ikirudishwa yote, mambo yamefutwa, kila mtu na lake. Lakini kama kuna mtoto, mbuzi mmoja anaachwa kwa upande wa mama. Yule mbuzi ndiye mtoto. Ukimpokea, umekubali mtoto ni wa ukoo wa baba, na wewe huna neno tena.

"Mulimukula," akasema. "Basi mambo iliisha."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Nililia mpaka kuku wakanikimbia. Mwamini hakunicheka, hilo namshukuru. Aliniletea maji ya kunywa, lakini mtoto hakunipa.

Saidi alipojua alijipiga kichwa ukutani, maskini. Akatafuta mbuzi mwingine, akampeleka, wakamkataa. Mbuzi aliyeliwa harudishwi kwa mwingine, walisema. Nikamwambia Saidi basi niende mbele ya hakimu. Mjini kulishaanza kuwa na tribinali tena. Hapo ndugu zangu wote wakaniinukia! Utapeleka ukoo mbele ya serikali? Unataka marehemu mume wako aitwe kwa jina mahakamani? Mambo ya familia yanamalizwa na familia. Hata Saidi, aliyejipiga kichwa, alininyamazisha kwa sababu aliona aibu ya kosa lake kutangazwa.

Nami nikanyamaza... Mimi mwenye mdomo! Ninayemtukana askari wa soko mpaka anahama njia! Kwa jambo moja lililostahili kelele, niliufunga.

Nikawa mtu wa kuvuka Ijumaa na mikate mitamu ndani ya kitambaa. Zaina alipokuwa mdogo alipokea na kukimbia. Alipokua akawa anapokea bila kunitazama. Watoto wa mtaani walimwambia mama yako alikuuza kwa nyama, na nadhani aliwaamini. Mahari yake mwenyewe ilipokuja, kitenge cha mama alivishwa Mwamini. Mimi nilisimama na majirani nikapiga makofi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mzazi asiyetambulika atamwambia nani?

Na ule uhuru tuliorudisha mbuzi ili niupate, sikuutumia hata kidogo. Sikuolewa tena.

Sasa nije kwa lililonifanya niandike. Mwaka huu, siku ya soko kubwa, niliinua macho kutoka kwenye mawese yangu nikamwona Zaina amesimama mbele yangu. Amembeba mtoto mgongoni. Jicho moja limevimba. Hakunisalimu.

"Nataka kukuuliza," alisema. "Ile mbuzi ilikuwa tamu?"

Mama wote wa safu yangu waligeuka. Kikombe changu cha kupimia kikaanguka. Nikalia tu, na yeye akasimama akinitazama mpaka nilipomaliza.

Kisha akaketi kwenye ndoo na kunieleza. Mume wake anampiga, amekimbia. Ukoo umekaa, mahari imerudishwa, na wakwe zake wamesema nini? Mbuzi mmoja abaki, mwanamke ametuzalia! Asumani ameshampokea. Mbuzi amefungwa uani kwa Mwamini, na mtoto atakuja kuchukuliwa. Mtoto ambaye bado ananyonya!

"Mama Mwamini analia tu," Zaina akasema. "Ni wewe ulipitia hii. Nifanye namna gani?"

Mungu wangu! Niliacha mawese wazi, nikamwambia jirani yangu aangalie, nikashuka mtoni na kitenge changu cha kazi, kimejaa mafuta. Nilifika Alunguli, nikamfungua yule mbuzi. Asumani, sasa mzee wa fimbo, akapiga kelele kutoka kitini. Nikamwambia akae vivyo hivyo, fimbo yake ya kuwapiga wake imegeuka ya kumsaidia kutembea, amshukuru Mungu. Nikamvuta mbuzi barabara nzima, analia mee, mee, watu wanatoka majumbani kucheka mwanamke mnene anayegombana na mbuzi. Wakwe wa Zaina walikataa kumpokea. Nikamfunga kwenye nguzo ya mlango wao, nikamwacha na kamba yake, nikasema mbele ya majirani wote kwamba hatukumla, hata unyoya mmoja.

Lakini sikuishia hapo. Nilishajifunza kwamba mambo ya mbuzi yana wenyewe, na wenyewe daima wana neno moja zaidi. Nilimpeleka Zaina kwa avoka mmoja, wakili mwanamke anayewasaidia akina mama, naye akatupeleka tribinali ya watoto.

Hakimu hakuuliza kuhusu mbuzi! Hata mara moja! Aliuliza mtoto ananyonya? Analala wapi? Nani anampeleka akiugua? Baba anatoa nini kwa ajili yake? Mwisho akaamua mtoto akae na mama yake, baba alete matumizi, na aje kumwona kwa siku zilizopangwa, bila fujo. Wakwe wakaanza kusema desturi, desturi. Akawajibu kwamba mahari ni ya ndoa, haimnunui mtoto, na yeye anaangalia faida ya mtoto kwanza.

Tulipotoka nilimuuliza yule avoka, kwa sauti ndogo, mambo yangu ya zamani. Alinisikiliza yote. Akasema, "Mama, ukoo wa baba wangekuwa na neno lao, ndiyo. Lakini la kwako lisingezimwa na mbuzi. Ungekuja mutoto akiwa mudogo..."

Hakumaliza, na mimi sikutaka amalize.

Nilimsindikiza Zaina hadi mtoni. Pirogi ilikuwa inajaa. Ndipo nikamwambia, kwa sababu aliniuliza na sikumjibu.

"Ilikuwa tamu, Zaina. Tulikuwa na njaa. Ini nilikupa wewe."

Midomo yake ilicheza, nikadhani atalia, au atanitukana. Alimfungua mtoto mgongoni, akaniwekea mikononi, akaingia kwenye pirogi kwanza, akajipanga vizuri, ndipo akanyoosha mikono kumpokea. Nilimshika mjukuu wangu muda huo tu. Ananuka maziwa na moshi, kama mama yake alivyonuka.

"Aksanti, mama," akasema. Jinsi wateja wanavyosema nikiwapimia mawese. Kisha pirogi ikaondoka kuelekea Alunguli, kwa Mwamini, kwa sababu huko ndiko kwao. Hakuna hakimu wa kunirudishia hilo.

Akina mama wenzangu, na ninyi akina kaka mnaokwenda kusema kwa niaba ya dada zenu, nawasihi! Msipokee kitu wala kurudisha kitu katika ndoa iliyovunjika kabla hamjauliza mtoto anawekwa wapi. Msikubali kuambiwa tribinali ni aibu. Aibu ni mimi, kumpigia makofi mwanangu nikiwa kati ya majirani! Nendeni mapema, mtoto akiwa bado anakukimbilia wewe akianguka. Na mkiona watu mnaogombana nao wamewaachia zawadi, hata iwe mbuzi mzuri namna gani, hata njaa iwe kali namna gani, waulizeni: huyu ni wa nini?

Mimi sikuuliza. Mimi nilipiga vigelegele.