Mtafunaji wa Wodi ya Wazazi

Mjamzito aliingia chumba cha vipimo, na harufu ya sukari iliyoungua ikaingia nyuma yake.

"Umekula tena!" alifoka mkunga, baada ya kumchoma kidole. Sukari ilikuwa juu, kama wiki iliyopita.

"Haki ya Mungu, dada, tangu jana jioni sijatia kitu mdomoni. Na sindano za insulini nachoma kama ulivyonionyesha."

Mama mkwe wake, aliyemsindikiza, alisogea, akanong'ona. "Nalala naye chumba kimoja, mwanangu. Hali kitu. Ila usingizini anatafuna. Nikimfumbua mdomo, hamna kitu."

Mkunga alipandwa na hasira. Amechoka na majini ya watu! "Hii ni sukari, mama, si jini. Ongezeni dozi, na mumlete kila wiki."

Wakamleta. Mtoto akazaliwa salama, mnene, mashavu tele. Sukari ya mama ikarudi sawa siku hiyohiyo, na mama mkwe akapiga vigelegele. "Limemtoka!"

Mkunga hakucheka. Watoto wa mama kama huyu sukari yao huweza kuporomoka, kwa hiyo akamchoma mtoto kisigino. Ilikuwa chini. Mtoto akanyonyeshwa, ikapanda, ikashuka. Daktari akaagiza dripu, ikapanda, ikashuka tena, na mtoto akazidi kulegea na kupoa huku ile harufu ikijaa juu ya kitanda chake, na kutoka humo, mchana kweupe, mkunga, mama na mama mkwe wakasikia kitu kikitafuna taratibu, bila haraka, ilhali midomo ya mtoto ilikuwa imetulia tuli.

"Mwanangu..." alilia mama yake.

Mkunga uvumilivu ukamwishia. "Huna haya!" alikiambia kile kitu asichokiona. "Kitoto cha leo! Kama njaa imekuzidi, njoo kwangu mtu mzima!"

Kutafuna kukakoma. Mtoto akaangua kilio cha nguvu, akatafuta ziwa. Kipimo kikasoma vizuri, na saa baada ya saa kikaendelea kusoma vizuri.

Mama mkwe alimshika mkunga mkono. "Maneno yale hayasemwi, hata kwa hasira."

"Mtoto amepona, mama. Yaishe."

Jioni, nyumbani kwake, mkunga alikunywa jagi zima la maji akiwa amesimama. Akajaza la pili, akalimaliza.

"Taratibu, mke wangu," mumewe alimtania, "utakausha bomba."

Kiu haikumwisha. Alikuwa anajaza la tatu, harufu ya sukari iliyoungua ikimzunguka.