Saa ya Sedi Mia Tatu

"Nyumba imejulikana."

Madam Dzifa, mkuu wa idara ya ujasusi, hakusalimia. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa pwani wa Teshie. Nii Boye Sowah, jasusi kwa miaka tisa sasa, alikuwa katikati ya wakimbiaji themanini wa klabu ya mazoezi. Ngoma zinadunda, tarumbeta zinalia, yeye simu sikioni.

"Imejulikanaje, madam?"

"Watu wawili wa Frempong wametoka Tema na Corolla nyeusi. Wana ramani ya mbio zako za asubuhi. Siku kumi na moja, zote zinaanzia mlango ule ule. Nani kawapa?"

Nii Boye akatazama mkono wake.

Akajua.

Ndani ya nyumba ile, chini ya ulinzi wake, alifichwa Korkor, karani wa bandari. Jumatatu angesimama kortini kumtaja Frempong, mtorosha dhahabu. Korkor akifa, kesi imekufa.

Wiki mbili nyuma, pale sokoni Circle, muuzaji alimwekea saa mbili mezani.

"Chukua hii ya sedi mia na hamsini, kaka. Inahesabu hatua, inapima moyo, haiogopi jasho, chaji siku kumi. Kwa mazoezi inatosha kabisa."

"Na ile?"

"Mia tatu. Inachora ulikopita, inarusha ramani kwenye grupu lenu. Ya nini sasa?"

Ya sifa. Klabuni walimwita Tumbo la Banku, yaani kitambi cha ugali. Alitaka wafunge midomo. Grupu lilikuwa na watu mia mbili, hakuwajua hata nusu.

Jasusi mzima!

"Ni mimi, madam," akasema. "Saa yangu."



"Polisi watafika baada ya dakika kumi na tano. Corolla iko dakika sita."

Simu ikakatwa.

Bastola hana. Kaptula ya mazoezi utaficha wapi Glock? Akamkimbilia kapteni wa klabu, Anti Naadu, mama wa miaka sitini mwenye filimbi shingoni.

"Anti, geuza watu. Uchochoro wa kanisani. Kuna mtu anatafutwa auawe, na mimi ndiye niliyewaonyesha wauaji nyumba."

"Wewe? Si unauza bima wewe?"

"Nilidanganya, Anti. Hata hilo."

Mama akamtazama kama samaki aliyelala juani. Kisha akapuliza filimbi.

Watu themanini wakamiminika uchochoroni. Corolla ikaingia upande wa pili.

Honi.

Nani akusikie? Teshie klabu ikiwa barabarani Jumamosi, haipishi hata gari la chifu. Wakaizunguka Corolla, wanaimba, wanagonga boneti, wanamtania dereva: "Shuka ukimbie, mvivu wewe!"

Nii Boye akaruka ukuta. Korkor alikuwa jikoni, mwiko mkononi.

"Vaa hii." Akamvulia fulana yake ya klabu, imelowa chapachapa. "Ingia katikati. Imba. Usiangalie gari."

Korkor akatoka mlangoni, Nii Boye nyuma yake, akapita mita mbili tu kutoka kwenye kioo cha wauaji, anaimba kwa sauti inayotetemeka.

Mmoja akamtambua. Mlango ukafunguka, mkono ukatoka na bastola.

Nii Boye akaupiga teke mlango.

Kwaa! Mfupa wa mkono.

Bastola ikaanguka, akaiokota, akaielekeza kwa dereva. "Mikono juu. Leo sina subira."

Polisi waliwakuta hivyo.

Korkor alikuwa ameketi kwenye gari la idara Madam Dzifa alipopiga tena. "Ripoti itasema kuna msaliti bandarini. Idara isiaibike."

"Bandarini nani, madam? Atafungwa mtu bure. Andika jina langu."

Safari hii akakata yeye. Akainama dirishani mwa gari.

"Dada Korkor, hakuna msaliti. Ni mimi. Nilikuwa najionyesha kwa watu ninavyokimbia."

Korkor hakupiga kelele. Bora angepiga.

"Kila asubuhi ulipotoka," akasema, "nilikuombea urudi salama."

Akapandisha kioo. Gari likaondoka.

Nii Boye akaifuata barabara kuelekea baharini, kifua wazi, mikono mifukoni, polepole. Ungemwona kwa mbali ungesema huyu hana linalomsumbua.